Benzi ya Mzee Haikuhitaji Sabufa

Ukisema hapa Dar kwamba umefunga muziki kwenye gari, swali la kwanza utakaloulizwa ni moja tu: "Sabufa inchi ngapi?" Hakuna anayeuliza gari ni la mwaka gani, na hakuna kabisa anayeuliza nani atakuwa anasikiliza. Mimi nataka tuanzie hapo kwenye msikilizaji, kwa sababu mwaka huu tumefunga muziki kwenye Benzi ya Mzee wetu ya mwaka 1982, na sehemu ngumu kuliko zote haikuwa waya wala spika. Ilikuwa masikio ya Mzee.

Kwanza mlijue gari. Ni Mercedes-Benz W123, 240D, ile ya dizeli yenye taa mbili mbili mbele na ule mdundo wa injini unaoujua hata ukiwa chumbani umelala. Familia hii ya magari ilitoka kiwandani Ujerumani kuanzia mwaka 1976 hadi katikati ya miaka ya 80, na zilitengenezwa zaidi ya milioni 2.6. Kuanzia Ulaya mpaka Afrika Kaskazini zilipigwa teksi na hazikufa. Ya kwetu Mzee aliinunua mkono wa pili miaka ya 90, rangi ya maziwa, siti za kahawia. Haina AC. Ina redio ya kaseti yenye vitufe viwili vya kuzungusha, na hiyo redio ndiyo ilitulea.

Sitanii. Wengine walifundishwa muziki kanisani au madrasa, sisi tulifundishwa kwenye siti ya nyuma. Mzee alikuwa anaweka kaseti ya Sikinde au Msondo, au ya Mbaraka Mwinshehe, halafu anatoa mtihani. "Hilo gitaa linalolia juu ni solo. Haya, la pili linafanya nini?" Ukijibu vizuri unanunuliwa soda. Ukikosea wimbo unarudishwa mwanzo. Mpaka leo nikisikia wimbo wowote wa dansi, kichwa changu kinapanga magitaa kabla sijajua mwimbaji kasema nini.

Sasa, kama miaka mitatu hivi nyuma Mzee alianza kubadilika. TV inapanda mpaka jirani anajua taarifa ya habari imeanza. Ukiongea naye anasema, "Mbona siku hizi mnanong'ona?" Kwenye harusi anakaa pembeni, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, na ukimfuata baadaye unagundua hakushika hata neno moja. Bi mkubwa akadhani ni hasira za uzee. Tulipompeleka hospitali akapimwa, jibu likawa rahisi: sauti za juu zimepungua kwenye masikio yote mawili. Ana miaka 71, na daktari alisema hali hiyo ni ya kawaida kwa umri wake.

Hapa nielekeze kidogo, maana mimi mwenyewe nilikuwa nadhani kupungukiwa usikivu ni kama kupunguza volyumu. Siyo hivyo. Sikio changa linasikia kuanzia mitetemo kama 20 kwa sekunde, yaani Hz 20, mpaka 20,000. Uzee unaanza kula kutoka juu. Irabu zetu, a, e, i, o, u, nguvu yake kubwa iko chini, kwa hiyo zinabaki. Lakini s, f, sh, k na t zinabebwa sana na sauti za juu, kuanzia kama Hz 2,000 kwenda mbele. Ndiyo maana ukimwambia Mzee "kesho saa sita" yeye anasikia kitu kama "eo aa ita". Sauti anaisikia kabisa, ila neno halimfikii. Ukipiga kelele unaongeza irabu tu, na yeye anakuona unamgombeza.

Na gari nalo likamgeukia. Akasema redio inatafuna maneno. Akaacha kuiwasha. Halafu akaacha kutoka na gari Jumapili. Siku moja mezani akatamka kwamba kuna mtu amempa bei nzuri na anafikiria kuliuza, "maana halina raha tena." Alisema taratibu, kama mtu anayeongelea hali ya hewa. Bi mkubwa akainuka kwenda jikoni. Mimi na dogo tukaangaliana.

Dogo ana miaka 24 na ni mtu wa magari ya mtandaoni. Usiku uleule akaja na mpango: sabufa mbili za inchi 12 kwenye buti, amplifaya ya wati 1,000, milango ya mbele itobolewe ziingie spika kubwa, redio ya zamani itolewe iwekwe ya skrini. Jumla Sh2,300,000. "Sista, Mzee hasikii. Tumpe sauti. Simple." Na mfano wake ulikuwa staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni, mwenye gari la zamani kali sana lililofungwa mziki hivyohivyo. Mfano haukumsaidia. Tunaomfahamu huyo staa tunajua gari lake likipiga dakika ishirini limezimwa, linawashwa kwa kuunganishwa na betri ya gari lingine, na picha za hiyo sehemu huwa hazipostiwi.

Nilimwambia dogo mpango wake una matatizo matatu, na hata moja siyo ushamba.

La kwanza ni hesabu. Alteneta ya Benzi yetu imeandikwa ampea 55. Umeme wa gari likiwa linanguruma ni kama volti 14. Gawanya wati 1,000 kwa 14, unapata ampea zaidi ya 71, na hapo hujahesabu kinachopotea kama joto ndani ya amplifaya. Bado taa, waipa na feni. Sasa hizo ampea nyingine zitatoka wapi? Zitatoka kwenye betri, na betri ikiisha, dizeli ya mwaka 1982 haikuwakii kwa maneno matamu. Lazima ipashe plagi zake za moto kwanza, na hizo zinakula umeme haswa.

La pili, tundu halirudi. Paneli ya mlango wa W123 ukishaikata umeikata. Anayenunua gari la zamani anaangalia vitu hivyo kabla hata hajafungua boneti. Kama kweli Mzee angeamua kuuza, tungekuwa tumemshushia bei kwa jina la kumsaidia.

La tatu ndilo kubwa. Besi nzito inafunika sauti za katikati. Injini ya dizeli tayari inanguruma chini, tairi zinanguruma chini, halafu wewe unaongeza ngurumo nyingine chini. Mzee chini anasikia vizuri kuliko mimi! Kinachompotea kiko juu. Sabufa ingempa zaidi ya kile alichonacho na kumfukia kile kidogo kilichobaki.

Dogo akanuna siku mbili. Ya tatu akasema, "Poa. Twende kwa fundi."

Fundi tuliyempata yuko Ilala, mtu mzima, ana miwani imefungwa uzi. Kwa dakika tano za mwanzo alikuwa anaongea na dogo tu, mimi nikiuliza swali jibu linapelekwa kwa dogo. Nikamuuliza kama amplifaya yake inaingiza sauti kutoka kwenye waya za spika au inataka waya za RCA. Akashusha miwani. "Dada yangu, kumbe gari ni lako?" Nikamwambia ni la Mzee. Kuanzia hapo tukaenda sawa.

Kitu cha kwanza alichofanya hakikuhusu muziki hata kidogo. Alipima chaji ya betri gari likiwa linawaka: volti 13.9, salama. Akafuata nyaya. Waya wa ethi wa redio ulikuwa umeshikwa kwenye skrubu yenye kutu. Akauhamishia kwenye chuma kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, na mkoromo tuliokuwa tunadhani ni uzee wa redio ukapungua palepale. Akasema maneno ambayo nawaachia kama zawadi: "Nusu ya spika mbovu ninazoletewa ni ethi mbovu."

Na kama gari lako ni la zamani zaidi ya hili, sikiliza hapa. Magari mengi ya Kiingereza ya mpaka miaka ya 60 yalifungwa kinyume, yaani chanya ya betri ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Ukichomeka redio ya kisasa bila kuangalia unaiunguza kabla hujasikia wimbo wa kwanza. Na Beetle za kabla ya mwaka 1967 nyingi zilitumia volti 6, siyo 12. Angalia betri kwanza, kisha nenda dukani.

Baada ya hapo tukafanya kazi kwa mpangilio huu.

Tulianza na kelele za gari lenyewe. Fundi aligonga kila mahali kwa ngumi akisikiliza. Mchawi mkubwa alikuwa kifuniko cha kile kisanduku cha huduma ya kwanza kwenye shelfu ya nyuma, ambacho kilikuwa kinatetemeka kila besi ikipita. Sponji kidogo tu, kimya. Kisha akabandika mati za lami ndani ya milango na chini ya shelfu. Siyo kila sehemu, kama robo ya eneo, katikati ya bati pale linapolia kama ngoma. Raba za milango mbili zilizokufa zikabadilishwa. Ukiondoa kelele, huhitaji kupandisha volyumu. Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanairuka kwa sababu haipigiki picha.

Kisha spika. Benzi hii ina nafasi za spika kwenye pembe za dashibodi, ndogo, kama sentimita 10. Zilizokuwemo karatasi zake zilishachanika. Tukaweka mpya za ukubwa uleule zenye twita katikati, matundu yaleyale, vifuniko vilevile vya kiwandani. Zinaangalia juu, sauti inagonga kioo cha mbele inarudi kwako, kwa hiyo waimbaji wanakuwa mbele ya uso na siyo miguuni. Kwa Mzee hiyo ni dhahabu. Nyuma kulikuwa na matundu ya zamani kwenye shelfu, tukaweka mbili kubwa kidogo za kusaidia chini.

Amplifaya tukachukua ndogo, njia nne, wati 50 za kweli kila njia. Nasema "za kweli" kwa sababu namba kubwa kwenye boksi ni mbwembwe. Tafuta pameandikwa RMS. Redio ya kawaida ya gari inayojitangaza wati 45 mara nne, kiukweli inatoa kama 20 hivi kila spika, maana volti 14 kwenye spika ya omu 4 hazina ujanja zaidi ya hapo. Na ongezeko la wati halifanyi kazi kama watu wanavyodhani: ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati kama mara kumi. Ndiyo maana spika nzuri na gari tulivu zinashinda amplifaya ya kutisha.

Imekaa chini ya siti ya abiria, haionekani. Waya wa umeme umetoka kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ya ampea 30 iko hapohapo karibu na betri. Fyuzi ikikaa mbali, waya ukichubuka njiani ni huo waya ndio unageuka fyuzi, na gari linaungua. Waya wa umeme ukapita kushoto, wa sauti ukapita kulia, ili ule mlio wa alteneta usiingie kwenye muziki.

Redio ya kaseti ilibaki. Hapa fundi ndipo alipoonyesha ufundi. Aliifungua, akaingiza waya wa sauti kabla ya kitufe cha volyumu. Kwa hiyo muziki unatoka kwenye simu ya zamani ya dogo iliyofichwa kwenye droo ya dashibodi, unaingia kwenye redio ileile, na Mzee anazungusha kitufe chake kilekile cha miaka yote. Kwa macho, gari halijaguswa.

Na sasa nimpe dogo heshima yake, maana bila yeye tungebaki na gari zuri lisilomfaa mwenyewe. Ni yeye aliyesema tusirekebishe sauti kwa masikio yetu. Alimkalisha Mzee kwenye gari injini ikiwa inanguruma, akawa anapiga sauti moja moja kwa simu, Hz 500, 1,000, 2,000, 3,000, 4,000, Mzee anainua kidole akisikia. Siyo kipimo cha hospitali, lakini ilitosha. Kuanzia 2,000 kidole kilianza kuchelewa. Pale 4,000 hakikuinuka. Dogo aliganda kidogo. Nadhani ndiyo siku alipoelewa, maana ile sauti kwetu sisi ilikuwa inachoma masikio.

Basi akaingia kwenye ikwalaiza. Akapandisha kati ya Hz 2,000 na 4,000 kwa desibeli 4, akashusha kidogo zile za karibu na 100. Spika ndogo za mbele akazikatia chini ya Hz 100 zisijichoshe na kukoroma. Nilitaka apandishe zaidi, fundi akakataa: masikio ya wazee yana tabia ya kutosikia kidogo halafu ghafla kuumia, nafasi ya katikati ni nyembamba. Na dogo akatafuta upya rekodi zote za Mzee, maana zile tulizokuwa nazo kwenye flashi zilishabanwa na kubanwa tena mpaka zinasikika kama ziko ndani ya maji. Zingine alizitoa kwenye kaseti za Mzee mwenyewe, usiku kwa usiku.

Mtanijibu: bila sabufa, besi je? Ipo. Gitaa la besi la muziki wa dansi linashuka mpaka kama Hz 41, ni kweli spika zetu hazifiki huko. Lakini kila noti ina ndugu zake wa juu, na sikio likiwasikia hao ndugu linaijaza yenyewe noti ya chini. Unaisikia besi bila kioo cha nyuma kutetemeka.

Jumla: spika za mbele Sh120,000, za nyuma Sh150,000, amplifaya Sh260,000, waya na fyuzi Sh95,000, mati Sh80,000, ufundi Sh150,000. Inakuja Sh855,000. Raba tulizikuta kwa rafiki, tukapewa.

Jumapili iliyofuata dogo aliendesha, Mzee akakaa mbele. Hatukumwambia kitu. Tukapita barabara ya Bagamoyo, Sikinde inapiga, sauti ya wastani kabisa. Kwa muda mrefu Mzee alikuwa kimya na mimi nyuma nikawa nahesabu nguzo za umeme. Tulipofika Tegeta wimbo ukaingia kwenye chemko. Mzee akanyoosha mkono, akazungusha kitufe. Akapunguza! Halafu akageuka nyuma: "Mama, hilo gitaa la pili linafanya nini?"

Sikuweza kujibu kwa haraka. Dogo akajibu, akakosea. Wimbo ukarudishwa mwanzo.

Lakini kilichonigusa zaidi kilikuja wiki mbili baadaye. Daktari alikuwa amemshauri Mzee avae shimesikio tangu mwanzo na Mzee alikuwa amekataa katakata, anasema hivyo ni vitu vya wazee. Safari hii mwenyewe akaniita. Akasema, "Kwenye gari nasikia maneno. Nikishuka yanapotea. Kwa hiyo tatizo siyo nyie kunong'ona." Akanyamaza. "Nipeleke kwa yule daktari."

Muziki wa gari haujamtibu Mzee, na sitaki mtu asome hapa aende kumfungia baba yake spika badala ya kumpeleka hospitali. Ulichofanya ni kumuonyesha alichokuwa anakipoteza, mahali ambapo hakuna mtu wa kumuonea huruma. Na kwetu sisi wenye masikio mazima: Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa kama saa 40 kwa wiki, na ukipanda juu ya hapo muda unakatika haraka sana. Chembe za sikio zikishakufa hazioti tena. Hao wanaotingisha mtaa mzima kila Ijumaa, tutakutana kwa daktari.

Yule mnunuzi alipiga simu tena mwezi uliopita. Mzee alipokea mwenyewe, akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba gari haliuzwi, lakini kama anapenda anakaribishwa Jumapili apande asikilize.

Dogo bado anataka sabufa. Nimemwambia anunue gari lake.